Siku Kumi na Nne za Kumwuguza Mtoto Aliyepasuliwa Koo

(Haya ni mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo, wilayani Kibondo.)



Leo nitazungumza juu ya mtoto aliyepasuliwa koo, na namna ya kumwuguza nyumbani mpaka apone. Jambo hili lilinikuta mimi mwenyewe, na nilikosea. Mimi niliyesoma chuo cha ualimu nilikosea. Aliyenisahihisha ni mama yangu mzazi, ambaye alijifunza kusoma ukubwani kama nyinyi. Kwa hiyo tusikilizane. Mwenye swali atauliza mwishoni. Kuuliza si ujinga.

Ni nyama gani hizo?

Mwambie mtoto afungue kinywa mahali penye mwanga. Nyuma ya ulimi, kulia na kushoto, utaona nyama mbili. Madaktari huziita tonsili. Huku kwetu wengi husema "tonsesi". Zikivimba na kuuma, ugonjwa huo ni mafindofindo. Nyuma ya pua, juu ya koo, kuna nyama nyingine usiyoweza kuiona. Hiyo huitwa adenoidi. Nyama hizi zote husaidia mwili kupigana na vijidudu vinavyoingia kwa mdomo na pua.

Watoto wengi huugua mafindofindo, wakapata dawa, wakapona. Hao hawahitaji kisu. Daktari hufikiria kupasua kwa sababu kubwa mbili. Sababu ya kwanza ni mafindofindo yanayorudi kila mara: kama mara 7 katika mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka miwili, au mara 3 kila mwaka kwa miaka mitatu. Sababu ya pili ni nyama kuwa kubwa hata zikaziba njia ya hewa. Mtoto hukoroma kama mtu mzima. Hulala kinywa wazi. Pumzi hukatika usingizini, kisha hushtuka. Mchana husinzia, au huwa mkorofi, na masomo hayamwingii.

Binti yangu alikuwa hivyo. Alikuwa na miaka mitano. Usiku mimi na mama yake tulikuwa tukihesabu pumzi zake kwa hofu. Zikikatika, tunamgeuza. Mwaka 2023 tulipewa barua ya rufaa, tukampeleka Mwanza, akapasuliwa.

Kosa langu

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kesho yake tuliruhusiwa. Muuguzi alitupa dawa na karatasi moja ya maelezo. Akaniambia, "Baba, nyumbani kwenu ni mbali. Kaeni hapa mjini kwa ndugu mpaka wiki mbili zipite."

Mimi nikaitikia, "Sawa, dada." Lakini moyoni nilikuwa nahesabu mambo mengine. Fedha zilikuwa zinakwisha. Kazi ilikuwa inaningoja. Mtoto alikuwa anatembea na kucheza kidogo. Nikaona amepona. Karatasi nikaikunja nikaitia mfukoni, sikuisoma. Siku ya tatu tukapanda basi.

Ndugu zangu, njia hiyo mnaijua. Siku hizo daraja la Kigongo na Busisi lilikuwa bado. Lilifunguliwa mwaka 2025. Tulingoja kivuko. Tukavuka, tukapita Sengerema na Geita, tukafika Nyakanazi, tukaingia njia ya Kakonko. Mtoto hakutaka kunywa. Kila akimeza alilia. Nami nikasema, "Mwacheni, atakunywa nyumbani."

Tulipofika nyumbani Kibondo midomo yake ilikuwa imekauka. Macho yamelegea. Mama yangu alimpokea, akauliza swali moja tu: "Mtoto huyu amekojoa lini?" Tukatazamana. Tangu asubuhi alikuwa hajakojoa.

Mama akasema, "Hospitali hawakuwapa maandishi?" Nikatoa karatasi mfukoni. Akaketi mlangoni penye mwanga, akaisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alisoma yote, mpaka chini. Kisha akaanza kazi. Mengi nitakayowaambia leo yalikuwa katika karatasi ile. Mengine niliuliza baadaye kwa waganga na wauguzi.

Maji ndiyo dawa ya kwanza

Mahali palipokatwa ni kidonda. Kidonda cha mguuni unakifunga kikae kikavu. Kidonda cha kooni hakifungwi. Kinapona kikiwa na unyevu. Mtoto asipokunywa, koo hukauka, maumivu huzidi, naye akizidi kuumwa hukataa zaidi kunywa. Ni kama mtu anayezunguka kichaka. Hapo ndipo mwili unapokaukiwa maji.

Wazee walisema mgonjwa haulizwi uji. Usimwulize mtoto kama anataka maji. Mpe. Lakini usimlazimishe kikombe kizima. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi.

Sasa tupige hesabu kama darasani. Mtoto wa kilo 18 anahitaji karibu lita moja na nusu ya vinywaji kwa siku. Kijiko kikubwa cha chakula huchukua mililita 15. Ukimpa kijiko kimoja kila dakika tano, kwa saa moja umempa vijiko 12. Hivyo ni mililita 180. Kwa saa nane umempa karibu lita moja na nusu. Umeona? Kijiko peke yake kimemaliza kazi.

Mama yangu alifanya hivyo. Alikaa na kikombe na kijiko, akamsimulia mjukuu wake hadithi. Kila sungura akisema neno, kijiko kimoja. Jioni mtoto akakojoa. Sote tukashukuru.

Mpe maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya mtungi ni mazuri, kwa kuwa ubaridi hutuliza koo. Mpe uji mwepesi, maziwa, au supu iliyopoa. Asali ya porini kwetu ni nyingi. Kijiko kidogo hulainisha koo la mtoto aliyepita mwaka mmoja. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kamwe. Usimpe juisi ya ndimu, machungwa au nanasi, maana zinachoma kidonda. Tena usimpe kinywaji chekundu kama rosela. Akitapika, utashindwa kujua ile ni rosela au ni damu.

Dawa ya maumivu

Wazazi wengi hungoja mtoto alie ndipo wampe dawa. Hilo ni kosa. Siku za kwanza mpe kwa saa, hata kama halii. Mpe nusu saa kabla ya kula, ili aweze kumeza. Usiku mwamshe umpe, maana asubuhi koo huwa kavu na maumivu ni makali.

Dawa ya kawaida ni parasetamoli. Kipimo hufuata uzito wa mtoto, kwa hiyo fuata kile kilichoandikwa na mganga. Kati ya dozi na dozi yapite saa sita, na zisizidi dozi nne kwa siku moja, yaani usiku na mchana. Andika ukutani au katika daftari saa uliyompa. Hii ndiyo faida ya kujua kuandika. Bila hivyo mama atampa, na bibi naye atampa, mtoto apate dozi mbili.

Asipirini usimpe mtoto. Inaweza kuongeza kutoka damu, tena kwa watoto inaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Na vidonge vyenye kodeni visitumike. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kwamba kodeni isitumike kwa watoto waliopasuliwa tonsili, kwa kuwa baadhi yao pumzi ilisimama wakafa. Usichukue dawa ya maumivu ya mtu mzima ukaigawa nusu kwa kukisia.

Mambo ya kutisha yasiyo na hatari

Siku ya nne jirani mmoja alikuja kumjulia hali mtoto. Akamtazama kinywani, akashtuka. "Koo limeoza! Limejaa usaha!" Akashauri tumpanguse kwa kitambaa chenye chumvi.

Mama yangu akamwambia, "Hapana, mwenzangu. Imeandikwa hapa." Utando mweupe au wa manjano unaoonekana pale palipokatwa ndio gamba la kidonda. Ni sawa na gamba la kidonda cha goti, ila hili limelowa. Ukilipangusa, utafungua mishipa ya damu. Liache. Litabanduka lenyewe.

Mengine ya kawaida ni haya. Kinywa hunuka kwa siku kadhaa. Masikio huuma, kwa sababu koo na sikio hushiriki mshipa mmoja wa fahamu. Usimwagie mtoto mafuta masikioni. Sauti hubadilika, husikika kama ya puani. Wakati mwingine maji anayokunywa hutokea puani. Kukoroma kunaweza kuendelea wiki moja au mbili, kwa sababu ndani bado kumevimba. Na maumivu yanaweza kuzidi siku ya tatu, ya nne au ya tano kabla ya kupungua. Ukijua hivyo mapema, hutakimbilia kwa mpiga ramli.

Chakula, moshi na mapumziko

Mtoto akianza kutaka chakula, mpe kilicho laini na kilichopoa: ndizi mbivu, viazi vilivyopondwa, maharage yaliyoiva sana, ugali laini na mchuzi usio na pilipili. Kutafuna kunasaidia koo lisikakamae. Vitu vigumu kama bisi, karanga, mahindi ya kuchoma na miwa vingoje.

Moshi wa kuni ni adui wa koo linalopona. Mtoto asikae jikoni, hata kama nje kuna baridi. Mfunike blanketi akae ndani penye hewa safi. Mwenye kuvuta sigara aende mbali naye.

Kwa wiki mbili asiende shule, sokoni, wala penye msongamano wa watu. Huko ataambukizwa mafua na kikohozi. Asikimbie wala kupanda miti. Wajomba na shangazi wanaokuja kumwona waje, lakini mwenye mafua asalimie kutoka mlangoni.

Usiku wa saba

Sasa nifike kwenye jambo kubwa kuliko yote. Jambo hilo ni damu.

Damu inaweza kutoka katika saa 24 za kwanza, na wakati huo mtoto huwa bado yu karibu na waganga. Lakini kuna hatari ya pili. Kati ya siku ya tano na ya kumi, gamba la kidonda hubanduka. Hapo damu inaweza kutoka tena, wakati wazazi wamekwisha kusema "amepona". Watoto wengi hawapatwi na jambo hili. Lakini hakuna ajuaye ni nani atakayepatwa.

Usiku wa saba mama yangu alilala na mtoto, kama kawaida yake. Kwenye saa nane za usiku akaniita. "Njoo usikie. Mbona anameza-meza?" Mtoto alikuwa usingizini, lakini koo lake lilikuwa likimeza, likimeza, bila kupumzika. Mimi ningesema anaota. Mama alikuwa amesoma: mtoto akimeza mara kwa mara usingizini, mwangalie kama damu inatoka. Mtoto mdogo hatemi damu, huimeza.

Tukawasha tochi ya simu. Tukamwamsha, tukamfungua kinywa. Damu mbichi, nyekundu, ilikuwa ikishuka nyuma ya koo. Akatapika. Aliyotapika yalikuwa meusi, kama machicha ya kahawa. Ile ndiyo damu iliyokaa tumboni.

Mama hakupiga kelele. Alimkalisha mtoto wima, akamwinamisha mbele, akamwambia ateme ndani ya bakuli. Mimi nikampigia simu jirani mwenye gari. Nyumbani kwetu si mbali na mji, tukafika hospitali ya wilaya upesi. Walimwekea dripu, wakampima damu, wakamwangalia usiku kucha. Kwa bahati damu ilikoma yenyewe, hakupasuliwa tena. Wengine hulazimika kurudishwa chumba cha upasuaji. Alilazwa siku mbili, akarudi nyumbani.

Ndugu zangu, pale kitandani nilijiuliza. Kama damu ile ingetoka siku ya basi, katika pori kati ya Nyakanazi na Kakonko, ningefanya nini? Nilipata jibu, na lilinitoa jasho. Muuguzi aliponiambia tukae mjini wiki mbili, alikuwa anazungumza juu ya usiku ule. Mimi nilikuwa nahesabu nauli.

Kwa hiyo shikeni haya:

1. Kwa siku 14 mtoto asiwe mbali na hospitali. Kutoka Kibondo hadi Kigoma mjini ni zaidi ya kilometa 200. Anayepelekwa kupasuliwa Kigoma au Mwanza atafute kabla ya safari ndugu wa kufikia, na fedha ya kukaa. Gharama hii ihesabiwe pamoja na gharama ya upasuaji. Asiyeweza kabisa amweleze daktari mapema, wapange pamoja.

2. Usiku mtu mzima alale na mtoto, na tochi iwe karibu.

3. Damu nyekundu mbichi ikitoka, hata kidogo, usingoje asubuhi. Mkalishe wima, ainame mbele, ateme. Usimpe chakula. Usimtie pamba, majani wala chumvi kinywani. Mpeleke hospitali mara moja, na bakuli uende nalo wapate kuona.

4. Namba ya mwenye gari au bodaboda iandikwe ukutani kabla ya shida.

5. Mpeleke pia hospitali ikiwa hajakojoa kwa saa nane au zaidi, ikiwa amekataa kabisa kunywa, ikiwa ana homa kali, au ikiwa anapumua kwa shida.

Habari ya kimeo

Katika maswali mliyoniandikia, mmoja ameuliza: "Kwa nini kwenda mbali hivyo, wakati wapo watu wanaokata kimeo hapa hapa kijijini?"

Swali zuri. Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia katikati ya koo. Si tonsili. Katika sehemu nyingi za Tanzania watu huamini kuwa kikohozi kisichokwisha huletwa na kimeo kirefu. Hukikata kwa wembe au kisu kisichochemshwa, bila dawa ya usingizi. Watoto wametokwa damu hadi kufa. Wengine wamepata pepopunda. Wembe mmoja ukitumika kwa watoto wengi unaweza kupeleka virusi vya UKIMWI kutoka kwa mmoja hadi mwingine.

Na kikohozi chenyewe hakikwishi, kwa kuwa hakikutoka kwenye kimeo. Huenda ni nimonia. Huenda ni kifua kikuu. Siku zinazopotea kwa kukata kimeo ndizo ambazo mtoto angekuwa anapata dawa. Binti yangu alipasuliwa na daktari, kwa vyombo safi, akiwa amelala, na bado damu ilimtoka. Je, aliyekatwa chini ya mti, damu ikimtoka usiku, nani atamwekea dripu?

Tena mafindofindo yasipuuzwe. Aina fulani ya vijidudu vya koo, visipotibiwa, huweza kuleta ugonjwa wa moyo miaka ya baadaye. Mtoto akiumwa koo pamoja na homa, mpeleke zahanati. Akipewa dawa za siku kumi, azimalize zote siku kumi.

Mwisho

Binti yangu sasa yuko shule ya msingi. Usiku analala kimya. Siku za mwanzo ukimya ule ulitutisha, tukawa tunaamka kumsikiliza kama anapumua. Sasa tumezoea.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wazee wetu walikaa katika vikundi kama hiki, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Walijua kuwa kusoma ni kwa ajili ya kutenda. Mama yangu alikisoma kikaratasi kimoja, akatenda. Mimi mwenye cheti nilikikunja.

Basi mkipewa karatasi hospitalini, msiikunje. Isomeni hapo hapo. Neno msilolijua mwulizeni muuguzi kabla ya kuondoka. Mkifika nyumbani isomeni tena kwa sauti, kila atakayemshika mtoto asikie.



Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Mtoto wa kilo 18 anywe kiasi gani kwa siku? Ni vijiko vikubwa vingapi?
2. Kwa nini utando mweupe wa kooni usipanguswe?
3. Damu inaweza kutoka siku zipi? Utaijuaje usiku, mtoto akiwa amelala?
4. Kijijini kwetu, mgonjwa akizidiwa saa nane za usiku, tunampeleka kwa chombo gani? Namba ya simu imeandikwa wapi?